Zilizala ya Nane

Wazee wa baraza la Nyabiyonza walikuwa sita, na katika hao sita Rukaya hakumwona hata mmoja ambaye angemkabidhi mbuzi akaamini kwamba mbuzi huyo atarudi jioni. Walijiita wazee wa mji. Mji wenyewe ulikuwa nyumba saba za udongo zilizojipanga kando ya njia ya kwenda Bukoba, migomba ya Wanyambo nyuma yake, na malundo ya ngozi za ng'ombe yaliyonuka mpaka msikitini. Waliuza merikani, kaniki, shanga na chumvi, wakanunua ngozi na buni, na kila alasiri walikaa barazani kwa Abdulghani wakanywa kahawa na kusimuliana habari za Bagamoyo. Wawili kati yao Bagamoyo walikuwa hawajaitia machoni. Rukaya alijua, maana alikulia nao mtaa mmoja kule Ujiji na aliwaona wakikimbia uchi kwenye mvua.

Yeye alikuwa mjane. Mumewe alimleta Karagwe kwa biashara ya ngozi, akafa kwa homa, akamwachia binti mmoja, Mwaja, na ulimi ambao wazee wale waliusingizia kila kitu kibaya kilichotokea mjini. Mwaja aliolewa na Gharib, mtoto wa kaka yake Abdulghani, kijana mpole mwenye macho mazuri na uti wa mgongo wa mlenda. Mwaja alimpenda. Rukaya alijaribu kumpenda, akashindwa, akaamua kumvumilia.

Nyumba ya Abdulghani ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na yeye mwenyewe hakumruhusu mtu kusahau. Ilikuwa tembe, aliyoijenga kwa mtindo wa Tabora: kuta nene za udongo, juu yake boriti nzito, juu ya boriti matete, na juu ya matete udongo ulioshindiliwa hadi kimo cha nusu dhiraa, paa bapa ambalo mtu angeweza kuanikia buni. Masika paa hilo lilivuja kila pembe, naye kila kiangazi aliliongezea udongo. Wenyeji walikaa kwenye nyumba za msonge, za duara, nyasi kuanzia kileleni mpaka chini, na Abdulghani aliziita vichuguu. Rukaya naye, tuseme kweli, aliwahi kuziita hivyo alipokuwa mgeni.

Kiangazi hicho, mwaka wa nne tangu Wadachi waanze kudai kodi ya nyumba, ardhi ilianza kutetemeka. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, watu wanafungua maduka. Kwanza ukaja mngurumo wa chini chini, kama mtu anaburuta gogo chini ya sakafu, kisha vyungu vikagongana na kuku wakatawanyika. Watu wakatoka nje roho juu. Laiti tetemeko lingekuwa moja likapita, lingekuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Lakini yalikuja mfululizo, madogo na makubwa, mengine mawili kabla maji ya uji hayajachemka, mengine baada ya kimya cha nusu siku, mtu akishaanza kusahau. Mji mzima ukalala nje, wanaume upande huu wa njia, wanawake upande ule.

Jumanne uchungu wa uzazi ukamshika Mwaja, ambaye mimba yake ilikuwa imetimia. Kokugonza, jirani Mnyambo ambaye mumewe alifuga ng'ombe nyuma ya migomba, alikuja bila kuitwa, akamtazama mara moja, akamshika mkono na kumpeleka kwenye msonge wake. Rukaya alifuata na kanga mbili na bismillahi nyingi. Mle ndani ardhi ilitikisika mara tatu kabla mtoto hajatoka. Miti ya nyumba iliyumba, nyasi zikachakarisha, na hakikuanguka hata kijiko. Alizaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kudai haki zake.

Huku barazani, wanaume walikuwa wamefungua kitabu. Abdulghani alikuwa na kitabu cha falaki alichokinunua Tabora, ambacho mwanzo wake na mwisho wake vililiwa na mende. Alikisoma kwa kidole, na kila alipofika kwenye neno asilolijua alikohoa. Baada ya kukohoa sana alitangaza kwamba zilizala ikija katika mwezi huu hutikisa mara saba, haizidi, kisha ardhi hutulia na mwaka huwa wa neema. Wenzake wakamvisha kilemba cha ukoka, wakasema mji umepata bahati kuwa na mtu kama yeye. Alipokwenda kuswali, Rukaya alikichungulia kitabu. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na alimfundisha zaidi ya kutaja herufi. Saba ilikuwepo pale, kweli. Ilikuwa siku saba za kumpaka ngamia dawa ya upele.

Alimwambia Gharib. Gharib akatazama kushoto na kulia, akamsihi mama mkwe wake asimwaibishe ami yake mbele ya watu. Rukaya akanyamaza, jambo ambalo hakulizoea, na alilijutia kabla jua la kesho yake halijatua.

Maana kufika Jumatano adhuhuri ardhi ilikuwa imeshatikisika mara kumi na moja. Rukaya alihesabu kwa kufunga mafundo kwenye ukamba wa mgomba. Sadala, muuza chumvi, mtu wa kuitikia kila kitu, aliuliza bila ubaya wowote kama saba haijapita. Abdulghani akanywa kahawa yake polepole mpaka tone la mwisho, kisha akauliza mwezi wa Ramadhani huthibitishwa na nani. Wakasema kwa mashahidi wawili waadilifu. Je, kila mpita njia akisema ameuona mwezi, watu hufunga? Wakasema hapana. Basi, akasema Abdulghani, na zilizala ni hivyo hivyo. Haihesabiwi mpaka ishuhudiwe na wanaume wawili, Waislamu, watu wazima, wenye akili timamu na mwenendo mwema.

Ukaanza upuuzi ambao Rukaya hakuwahi kuuona tangu azaliwe, na alikuwa ameona mengi. Wazee walikaa kila alasiri kupokea ushahidi. Tetemeko lililomwaga maziwa ya Kokugonza halikuhesabiwa, kwa kuwa mashahidi walikuwa wanawake na ng'ombe. Lile lililopasua ukuta wa msikiti lilikataliwa kwa kuwa shahidi wa pili alikuwa amelala na huenda aliota. Mwenye duka la kaniki alikuja mbio kusema amehisi zilizala akiwa chooni, wakajadiliana kwa saa nzima kama ushahidi wa mtu aliye chooni unafaa, wakaamua haufai. Mmoja alikubaliwa, kisha akakumbukwa kuwa alimpunja mtu kaniki mwaka juzi, akatenguliwa pamoja na tetemeko lake. Kwa njia hiyo, kumi na moja zikageuka tatu. Na kila zilipozidi, wazee walizipunguza, nao walikuwa hodari kweli kwa kazi hiyo. Rukaya alidhani hawakuwahi kufanya kazi kwa bidii kiasi kile katika maisha yao.

Jumamosi alasiri ardhi iliruka, na buli la kahawa likamwagikia Abdulghani mapajani. Hiyo haikuhitaji mjadala. Aliposhamaliza kurukaruka alitangaza kwamba hiyo ndiyo ya saba, mji umesalimika, watu wafagie nyumba zao na kurudi ndani. Ukamba wa Rukaya ulikuwa na mafundo thelathini na moja.

Jioni ile ile Abdulghani akamtuma Gharib kwa Kokugonza kumchukua mkewe. Mtoto wa ukoo wao, alisema, hawezi kukaa arobaini kwenye nyasi, pamoja na ndama, katika harufu ya rubisi, pombe yao ya ndizi. Jumatatu ingekuwa siku ya saba ya mtoto, atanyolewa nywele na kupewa jina, na wanawake wote wa mji wangekuja. Wangemkuta wapi? Kichuguuni? Gharib alifika mlangoni pa msonge akainama, akayasema maneno ya ami yake moja baada ya jingine bila kuongeza lake. Mwaja alimtazama mumewe, akajifunga kanga, akamchukua mtoto. Kokugonza alimwangalia Rukaya tu. Yeye hakuwa na Kiswahili cha kutosha kutukania, na siku hiyo Rukaya alimwonea wivu.

Chumba cha Mwaja nyumbani kwa Abdulghani kilikuwa cha ndani kabisa, chini ya boriti kubwa kuliko zote. Ukutani, kuanzia juu ya mlango mpaka darini, palikuwa na ufa. Rukaya aliingiza mkono mpaka kifundoni akahisi upepo wa nje. Ncha ya boriti ilikuwa imesogea, imebaki kuukalia ukuta kwa upana wa vidole vinne. Usiku wote na Jumapili yote mchanga ulidondoka kidogo kidogo, na Rukaya alikaa kando ya kitanda akimpangusa mtoto uso. Alimwita Abdulghani aje aone. Abdulghani alisimama mlangoni, asiingie, akasema nyumba yoyote nzuri hupata nyufa inapotulia.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Gharib aliingia kumwona mwanawe. Alikuwa amekula sahani mbili za ndizi na maharage ambazo Rukaya mwenyewe alimpakulia. Alikuwa ameinama, anamchezea mtoto vidole, mngurumo ulipokuja. Ukuta ukapiga kelele. Udongo ukamwagika kutoka juu kama mtu anamimina mtama, na Gharib, bila kufikiri, akajirusha juu ya Mwaja na mtoto akawafunika kwa mgongo wake mpaka pale palipotulia. Aliponyanyuka nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Rukaya alimpenda kidogo.

"Hii ilikuwa kubwa, mama," alisema. "Nitasema. Leo nitasema."

Rukaya hakumpa nafasi ya kupoa. Alijitanda ushungi akaenda moja kwa moja barazani, Gharib nyuma yake. Wazee walikuwa wamekaa, wamepumzika kama watu waliomaliza mavuno. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema amehisi kitu, ingawa vikombe viwili vilikuwa vimelala kwenye mkeka na hakuna aliyeviinua. Rukaya aliwaamkia kwa adabu zote, maana alitaka sheria iwe upande wake pamoja na adabu. Akasema ardhi imetikisika, ya nane, na kwamba saba yao haikuwa saba. Abdulghani akacheka kwa pua, akamkumbusha kuwa yeye ni mwanamke.

"Ni mwanamke," alisema Rukaya. "Na Mwaja ni wa pili. Na Gharib huyu ni mwanamume, mtu mzima, mtoto wa kaka yako, hajawahi kumpunja mtu. Mwanamume mmoja na wanawake wawili. Hayo si maneno yangu, na nyote mnajua yameandikwa wapi."

Wakatazamana. Sadala akakuna kidevu. Mmoja akanong'ona kwamba ni kweli, ushahidi huo ni kamili, na Abdulghani akajua kuwa hapo hawezi kupita. Hakukasirika. Alimgeukia Gharib taratibu, akasogea kumpisha kwenye mkeka, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia aseme alichokihisi, asiogope. Ila akumbuke tu kwamba watu wote wa mji wamerudi ndani kwa neno la ami yake, na kwamba ami yake huyo alimlea tangu akiwa na meno ya utoto, na kwamba hana mtoto mwingine wa kumrithi jina.

Gharib alishika kikombe kwa mikono miwili. Vumbi lilikuwa bado nyweleni.

"Nilihisi kizunguzungu, ami," alisema. "Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Rukaya aliondoka bila kuaga. Alikuwa na maneno, alikuwa nayo ya kujaza kapu, lakini aliona yangekuwa ni kuwatunuku. Alichukia kuwa alitumaini. Hilo ndilo lililomkata maini kuliko kizunguzungu chenyewe.

Mwaja alipoambiwa alimpigapiga mtoto mgongoni. Kisha akamtetea mumewe. Alisema ami ndiye aliyemlea, alisema Gharib ni mtu wa heshima na hawezi kumwangusha mkubwa wake mbele ya watu, akauliza, mama hakuona jinsi alivyowafunika kwa mwili wake? Rukaya akasema ameona. Akamwomba waondoke jioni ile, warudi kwa Kokugonza. Mwaja akasema hatoki nyumbani kwa mumewe bila ruhusa ya mumewe. Aliyasema hayo kwa upole na hakuyabadilisha, na Rukaya aliujua upole huo, ulikuwa wa marehemu baba yake Mwaja, mtu ambaye hata punda hakuweza kumhamisha.

Rukaya aliogopa. Alikuwa amezoea kudharau, dharau ilimtosha kwa mambo mengi, ilimvusha ujane na homa na miaka kumi na miwili ya soga za Bagamoyo. Sasa haikumfaa kitu. Aliitazama boriti ile juu ya kichwa cha binti yake na cha mtoto asiye na jina, akawaza kwamba kesho wanawake wote wa mji watajazana chini yake wakipiga vigelegele.

Jumatatu asubuhi, jua lilipopata joto, alisema anampeleka mtoto nje apigwe na jua, kama watoto wachanga wafanyiwavyo. Mwaja akampa. Rukaya alimfunika kwa ushungi, akapita uani, akapita mbele ya Abdulghani aliyekuwa akisimamia kuchinjwa kwa mbuzi wa akika, akaingia kwenye migomba na hakusimama mpaka msonge wa Kokugonza. Kokugonza alitandaza nyasi mpya sakafuni, akaketi, akasubiri naye. Mtoto alilala, kisha akaamka, kisha akadai ziwa kwa sauti ile yake, na Kokugonza akamtuma binti yake mkubwa kwenda kumwambia Mwaja mtoto wake yuko wapi.

Mwaja alifika amejitanda mpaka machoni, anahema, ana hasira ambayo mama yake hakuwahi kuiona.

"Mama, umeniibia mtoto."

"Nimemwazima. Mnyonyeshe kwanza, kisha unitukane."

Akamnyonyesha. Machozi yalimtoka akinyonyesha, na alisema akimaliza anarudi, watu watafika, ami atasema nini. Rukaya akasema sawa, amalize kwanza. Vitambaa vya mtoto vilikuwa vimebaki kule. Rukaya alijitolea kuvifuata, ili binti yake asipate sababu ya kwenda kuvichukua mwenyewe.

Aliporudi uani ilikuwa karibu na adhuhuri. Gharib alikuwa ndani. Ami yake alimtuma kutandika mikeka katika chumba cha mzazi na kukaa humo, mlango wazi, ili wageni watakaokuja wamwone amekaa na wasiwe na wasiwasi. Abdulghani mwenyewe alichutama karibu na mlango wa ua akitawadha, birika mkononi. Rukaya alikuwa hatua kumi kutoka kwake aliposikia gogo likiburutwa chini ya ardhi. Lilikuwa tetemeko dogo, dogo kuliko mengi yaliyotangulia. Kuku waliinua vichwa. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye birika yakaenda upande, yakakosa kiganja, na mkono wa Abdulghani ukasimama pale pale. Aliinua macho yakakutana na ya Rukaya. Akayashusha, akaendelea kutawadha.

Ndipo paa likashuka. Halikuwa na kishindo kikubwa, lilisikika kama magunia ya chumvi yanayotupwa chini, moja, kisha yote kwa pamoja. Vumbi likajaa uani, na ndani yake sauti ya Gharib ikaanza kulia.

Waliokuja kumtoa ni mume wa Kokugonza na ndugu zake wawili, na majembe yao. Wazee wa baraza nao walifika, wakasimama kuuzunguka udongo, wameshika kanzu zao juu zisichafuke, wakatoa ushauri. Vuteni huku. La, inueni kwanza kule. Wanyambo wale hawakuwajibu, walifukua. Walimkuta chini ya boriti, kichwa na kifua vizima kwa kudra ya Mungu, mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti na kugeukia upande ambao miguu haigeukii. Wakamlaza uani kwenye mojawapo ya mikeka aliyoitandika.

"Mchwa," alisema Abdulghani kabla mtu hajauliza. "Boriti hiyo iliingiwa na mchwa tangu mwaka jana. Nilisema."

Sadala akasema ni mchwa. Mwenye duka la kaniki akaokota kipande cha boriti kuonyesha, akakiangalia, akakuta kizima, mti mgumu usio na hata tundu, akakitupa nyuma yake. Abdulghani akaendelea, sasa amepata sauti yake. Msiba mdogo, alisema, na Mungu ameuepusha mkubwa. Mbuzi ameshachinjwa, watu wameshaalikwa. Mzazi na mtoto wahamie kwa Sadala leo hii, ndani, jina litolewe humo, na watu wengine wasikae nje kama wakimbizi, kwa kuwa ya saba ilishapita. Nyumba ya Sadala nayo ilikuwa tembe, na paa lake lilikuwa jipya, na udongo wake mzito zaidi. Wanawake walioanza kutoka nje na watoto wao walisimama milangoni wakisikiliza.

Mwaja alitokea kwenye migomba, mtoto kifuani, kibuyu cha maji mkono wa pili. Alipita katikati ya wazee na hakumsalimu yeyote, yeye ambaye tangu utoto hakuwahi kumpita mtu mzima bila shikamoo. Akapiga magoti karibu na mumewe. Alimpangusa vumbi machoni kwa pembe ya kanga, akamnywesha. Rukaya, aliyesimama karibu, aliona kwamba binti yake bado anampenda na akaumia.

"Bwana," alisema Mwaja, "mimi nimeihisi kule kwa Kokugonza. Mama ameihisi hapa. Umebaki wewe."

Wanawake milangoni hawakusogea. Hata mume wa Kokugonza, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, aliacha kupangusa jembe. Gharib alimtazama mkewe, akamtazama mtoto. Kisha macho yake yakaenda juu, pale ami yake aliposimama, yakakaa huko.

"Mchwa, Mwaja," alisema. "Ni mchwa tu."

Rukaya alingoja ghadhabu yake ije, na haikuja. Alimwangalia binti yake. Mwaja alibaki amepiga magoti kwa muda wa mtu kusoma alhamdu, uso umetulia. Halafu akamfungua mumewe vidole, akamshikisha kile kibuyu ili ajinyweshee, akasimama na kumfunika mtoto vizuri. Akamgeukia Abdulghani. Hakupandisha sauti.

"Ami, huyu ndiye shahidi wako," alisema. "Mtunze wewe."

Akaondoka kwa njia aliyojia. Mke wa Sadala alikuwa wa kwanza kumfuata, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kisha mke wa mwenye kaniki, kisha wengine, wakipita mmoja mmoja katikati ya migomba kuelekea kwenye misonge. Gharib alimwita mkewe mara mbili, na wazee wakaanza kubishana ni nani aende kumtafuta mtu wa kuunga mifupa.